Chama cha wahandisi wanawake cha mwaka 1919: kati ya mkutano na mkutano walikuwa wakifanya nini hasa?

Fundi wa Ngamiani (ameanzisha mada)

Assalaam aleikum na habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni fundi umeme hapa Tanga, na pamoja na wenzangu 13, wote wanawake, tumo katika mchakato wa kuunda chama cha mafundi na wahandisi wanawake wa mkoa wetu. Wengi wetu ni wa umeme wa majumbani, wawili ni wachomeleaji, mmoja anakereza vyuma, na yupo binti aliyemaliza uhandisi wa mitambo mwaka juzi ambaye mpaka leo anauza vocha Makorora. Tumekwisha kukutana mara tano. Mara ya kwanza tulijadili jina la chama, mara ya pili tukalijadili tena, mara ya tatu tukachagua viongozi, na mikutano miwili iliyofuata yote iliishia kwenye rangi ya sare. Hofu imeanza kuniingia, kwa sababu nimeshuhudia vyama kadhaa mjini hapa vikizinduliwa kwa ngoma na fulana mpya, kisha vikafifia kabla fulana zenyewe hazijapauka.

Katika kutafuta mfano wa kuiga nilikutana na habari za Chama cha Wahandisi Wanawake cha Uingereza, ambacho kiliundwa London tarehe 23 Juni 1919 na kingali hai mpaka leo. Tatizo langu ni kwamba kila ninaposoma ninaletewa majina ya waanzilishi na sifa zao, lakini kazi yenyewe siioni. Walikuwa wakifanya nini baada ya kuchagua viongozi? Pesa zilitumika wapi? Mwanachama wa kawaida, ambaye si mke wa mtu mkubwa, alipata faida gani kwa kulipa ada?

Nauliza nikiwa na uchungu kidogo. Katika karakana moja niliyofanyia mazoezi, ambayo sitaitaja, nilikaa miezi minne nikipewa kazi ya kushika tochi wakati wavulana tuliosoma nao wakifungua mota. Sitaki tuunde chama cha kushika tochi.

Mwalimu wa Chumbageni

Waaleikum salaam, dada. Ili kazi zao zieleweke, inafaa kwanza kujua kilichowasukuma, kwa maana chama kile kilizaliwa na notisi za kuachishwa kazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanawake wa Uingereza waliingia viwandani kwa maelfu na kujifunza kukereza, kupima, kuchomelea na kuunganisha mitambo. Hata hivyo, tangu Machi 1915 serikali ilikuwa imekubaliana na vyama vya wafanyakazi kwamba taratibu za zamani za kazi zingelegezwa kwa muda wa vita tu, na mwaka 1919 Bunge likapitisha sheria ya kuzirudisha. Mwanamke aliyekuwa amesimama kwenye mashine kwa miaka mitatu akajikuta hana nafasi, si kwa sababu kazi ilimshinda, bali kwa sababu ahadi ilikwisha kutolewa bila yeye kuulizwa.

Wiki mbili tu baada ya chama kuundwa, mmoja wa waanzilishi wake saba, Katharine Parsons, alisimama Newcastle mbele ya taasisi ya wahandisi na wajenzi wa meli, akaeleza kwa kirefu kazi ambazo wanawake walizifanya viwandani, kisha akalalamika kwamba waliitwa kutengeneza zana za maangamizi na sasa wanafungiwa mlango inapofika zamu ya kutengeneza zana za amani. Hotuba hiyo husifiwa sana, nami sina ugomvi nayo, lakini kwa maoni yangu haikuwa yenyewe iliyokibeba chama.

Kilichokibeba ni katibu. Walimwajiri Caroline Haslett, binti ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 25, aliyeanza kama karani katika kampuni ya kutengeneza maboila, akaomba kuingia karakanani, akajifunza kazi kwa mikono yake. Zingatia neno "walimwajiri". Hakuwa mtu wa kuandika kumbukumbu za kikao na kwenda zake. Ofisi ilikuwa ndiyo kazi yake ya kila siku. Msichana aliyetaka kujua ni chuo gani kinapokea wanawake, au ni kiwanda gani kitamkubali kama mwanagenzi, alikuwa na mahali pa kuandika barua na mtu wa kumjibu.

Cha pili ni jarida. Desemba 1919, yaani miezi sita tu baada ya kuanza, lilitoka toleo la kwanza la The Woman Engineer, na Haslett ndiye aliyelihariri. Lilitoka kila robo mwaka, likiwa na makala za kitaalamu na habari za wanachama. Hebu mfikirie mwanamke mmoja peke yake katika karakana ya mji mdogo, ambaye wenzake wote ni wanaume na hawamsemeshi. Kila baada ya miezi mitatu anapata kurasa zinazomjulisha kwamba kuna mwingine kama yeye mahali fulani, na kwamba yule mwingine ametatua tatizo la mashine ambalo labda na yeye analo. Hapo ndipo ada yake ilipokuwa inamrudia.

Kisha kulikuwa na mihadhara, ziara za viwandani na mikutano. Julai 1925, wakati wa maonyesho makubwa ya Wembley, waliandaa mkutano wa kimataifa wa wanawake wa sayansi, viwanda na biashara. Vilevile wanachama walibisha hodi katika taasisi za wanaume moja baada ya nyingine: Verena Holmes alipokelewa mwaka 1924 katika taasisi ya wahandisi wa mitambo, naye akawa mwanamke wa kwanza kuingia kama mwanachama mshiriki. Huyu alikuwa mbunifu hasa. Miongoni mwa vifaa alivyovisanifu kimo kifaa cha kuingizia hewa kifuani, kilichotumiwa kutibu wagonjwa wa kifua kikuu, na pia vali za injini za treni.

Samahani kwa urefu; nikishika chaki siachi.

Mzee wa Reli

Mwanangu Fundi, nimesoma maneno ya Mwalimu nami sina haja ya kuyapinga, lakini mzee lazima aseme jambo moja. Hao walikuwa na baba na waume. Huyo Rachel Parsons, rais wao wa kwanza, baba yake ni Charles Parsons, yule yule aliyebuni tabaini ya mvuke mwaka 1884. Sisi tuliokaa na mitambo jina hilo tunalijua. Mama yake ndiye huyo aliyehutubia Newcastle. Mwingine katika wale saba, Eleanor Shelley-Rolls, ni dada wa Rolls wa magari ya Rolls-Royce. Margaret Moir naye mumewe alikuwa mhandisi mkubwa. Ukiwa na watu wa namna hiyo, kumlipa katibu si shida. Ninyi mko 14, na mmoja wenu anauza vocha. Katibu mtamlipa kwa nini, kwa maji ya madafu?

Nilifanya kazi katika karakana ya reli kwa zaidi ya miaka 30. Tuliunda chama cha kusaidiana, tukachaguana, mweka hazina akahamishwa kikazi na daftari likaenda naye. Tanga wenyewe husema waja leo waondoka leo. Daftari letu nalo lilikuwa la Tanga.

Mwalimu wa Chumbageni

Shikamoo, mzee wangu. Ulilosema ni kweli, na mtu asijidanganye kwamba fedha hazikuhusika. Naomba tu niongeze upande wa pili wa orodha hiyo hiyo.

Margaret Moir, pamoja na ukubwa wa mumewe, wakati wa vita alisimama kwenye mashine ya kukerezea kama mfanyakazi, akasaidia kupanga watu wa kushika zamu za mwisho wa wiki ili wanawake wa viwanda vya silaha wapate kupumzika. Laura Annie Willson, ambaye naye ni katika wale saba, alianza kazi katika kiwanda cha nguo mjini Halifax akiwa na umri wa miaka kumi, nusu siku kiwandani na nusu siku shuleni. Aliwahi kufungwa kwa ajili ya harakati za haki za wanawake. Baadaye, katikati ya miaka ya 1920, alijenga nyumba 72 za wafanyakazi mjini humo, zenye vifaa vya kisasa vya kupunguza kazi za nyumbani, na akawa rais wa tatu wa chama.

Na huyo katibu, Caroline Haslett, baba yake unajua alifanya kazi gani, mzee? Alikuwa fundi wa ishara za reli.

Mzee wa Reli

Marahaba, Mwalimu. Fundi wa ishara! Mngeanza na hilo nisingeandika mengine. Mtoto wa fundi wa ishara anajua kwamba mkono ukikosea kushuka kwa dakika moja, watu wanakufa. Basi mpeni huyo binti wa vocha ukatibu, mumlipe hata nauli na kifurushi cha simu, lakini alipwe. Na daftari liwe nakala mbili.

Mkerezaji wa Pongwe

Nawasalimu wote. Mimi ni mwanaume, na nimeingia kwa sababu ya jambo moja linaloweza kumsaidia Fundi: chama kisiingie haraka kwenye biashara. Wanawake wa kundi hilo hilo walianzisha mwaka 1920 kampuni ndogo ya uhandisi iitwayo Atalanta, ambamo waliofanya kazi mashineni walikuwa wanawake, na Rachel Parsons alikuwa miongoni mwa wakurugenzi. Ilifanya kazi nzuri kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 1928 ilifungwa. Chama kiliendelea, kwa kuwa kampuni ilikuwa na hesabu zake na chama kilikuwa na zake. Mkichanganya mfuko wa ada na mtaji wa karakana, siku karakana itakapokosa oda mtazika vyote viwili pamoja.

Kuhusu kushika tochi: nimeajiri wasichana wawili. Mmoja anakereza shafti za korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kwa usahihi ambao mimi mwenyewe nikiharakishwa siufikii.

Fundi wa Ngamiani

Nawashukuru nyote, na shikamoo nyingi kwa Mzee wa Reli. Suala la nakala mbili limepita bila kupigiwa kura.

Nina swali la nyongeza. Wawili kati yetu walinyimwa kazi ya zamu mahali fulani kwa kuambiwa kwamba mwanamke hawezi kuachiwa mtambo usiku. Je, hao wenzetu wa zamani walikutana na jambo kama hilo, au lilikwisha malizika zamani huko kwao?

Mwalimu wa Chumbageni

Walikutana nalo, tena uso kwa uso. Mwaka 1919, mwaka ule ule wa kuundwa kwa chama, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kuwazuia wanawake kufanya kazi za viwandani usiku. Nia ilikuwa kuwalinda wanawake waliokuwa wakichoshwa viwandani, lakini ulinzi huo ukageuka pingu kwa mhandisi. Mwanachama mmoja, Margaret Partridge wa Devon, alikuwa na kampuni yake ya kupeleka umeme vijijini: anajenga kituo kidogo, anavuta nyaya, anawasha taa za kijiji, kisha anahamia kingine. Alichukua wanagenzi wa kike. Kituo cha umeme, kama ujuavyo, hakilali. Ukimwachia mwanagenzi wako zamu ya usiku umevunja sheria, na usipomwachia hatajifunza. Partridge na Haslett walilishikia bango suala hilo kwa miaka, na mwaka 1934 mkataba ukarekebishwa ili usiwahusu wanawake wenye nafasi za usimamizi ambao kwa kawaida hawafanyi kazi za mikono. Utaona kwamba marekebisho hayo yalimsaidia msimamizi zaidi kuliko fundi wa kawaida, na hilo kwangu ni doa.

Mmoja wa wanagenzi wa Partridge alikuwa Beatrice Shilling. Baada ya kufunga nyaya za umeme kwa mama huyo alikwenda Chuo Kikuu cha Manchester kusomea uhandisi wa umeme. Mwaka 1941, katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Uingereza zenye injini ya Merlin zilikuwa na ugonjwa mbaya: rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla, mafuta yanafurika katika kabureta na injini inakatika wakati adui yuko nyuma. Shilling alitengeneza kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kilichopimwa ili kipitishe kiasi cha mafuta ambacho injini inahitaji na kisizidi, nacho kiliweza kufungwa bila kuiondoa ndege kazini. Kipande hicho kilianza na mtu aliyekubali kumfundisha msichana kazi.

Mkaguzi wa Nyaya

Ndugu zangu, mada imefika mahali pangu. Mimi hukagua mifumo ya umeme majumbani, na nashangaa hakuna aliyetaja plagi.

Mwaka 1924 mwanachama aitwaye Mabel Matthews alitoa wazo kwamba wanawake wa kawaida waelimishwe kuhusu matumizi ya umeme nyumbani. Taasisi nyingine zililikataa wazo hilo. Haslett akalipokea, na kutokana nalo kikazaliwa chama kingine, Jumuiya ya Umeme ya Wanawake, yeye akiwa mkurugenzi wake. Jumuiya ile ilifundisha kwa maonyesho, kwa madarasa na kwa jarida lake. Mwaka 1935 walijenga Bristol nyumba nzima inayotumia umeme kwa kila kitu, ili watu waingie wajionee. Kumbukeni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya 1930 ndipo maporomoko ya Pangani yalipoanza kutoa umeme wa huku kwetu.

Kwa sababu ya kazi hiyo, kamati ya wataalamu 20 ilipoundwa mwaka 1942 kufikiria mfumo mpya wa umeme wa majumbani baada ya vita, Haslett alikuwamo, mwanamke pekee, na alichokisimamia ni usalama, hasa wa watoto. Matokeo yalitolewa kama kiwango rasmi mwaka 1947, na matokeo hayo unayo ukutani kwako sasa hivi. Chukua plagi ya pini tatu bapa. Pini ya juu, ya ethi, ni ndefu kuliko mbili za chini, na urefu huo una kazi: inaingia kwanza, inasukuma vifuniko vilivyomo ndani ya soketi, ndipo matundu mawili ya chini yanafunguka. Mtoto akichomeka msumari katika tundu la chini anakutana na kifuniko. Ndani ya plagi kuna fyuzi, mara nyingi ya ampea 13, ili waya wa kifaa ukipata hitilafu fyuzi iungue kabla ya nyumba.

Sasa nendeni katika nyumba zetu muone. Watu wanachomeka kijiti au kalamu katika tundu la ethi ili soketi ipokee plagi ya pini mbili ya chaja, na kwa hiyo ulinzi wote uliogombewa katika kamati ile unaondolewa kwa kijiti cha mshikaki. Nimekuta fyuzi iliyofungwa karatasi ya sigara. Dada Fundi, kama chama chenu kinatafuta kazi ya kuanza nayo, mimi nimewaonyesha.

Fundi wa Ngamiani

Mkaguzi, kijiti cha mshikaki nimekiona hata nyumbani kwa mwenyekiti wetu, Mungu anisamehe.

Nimesoma mahali kwamba ile jumuiya ilikuwa na kitambaa cha kufutia vyombo kilichochapwa mchoro wa namna ya kufunga nyaya za plagi, ili mama awe na somo mkononi wakati anakausha sahani. Usiku nilikuwa nikiwaza jambo hilo hilo kwa kwetu. Kitambaa cha vyombo hakuna atakayekitazama, lakini kanga itatazamwa. Mchoro wa plagi ukae mjini, katikati, soketi na fyuzi zipambe pindo, na jina la kanga tulitafute wenyewe. Fedha tulizochangia kwa ajili ya sare zinatosha kuanzia, na hiyo kanga ndiyo itakuwa sare. Binti wa vocha amekubali ukatibu. Ameanza kwa kuandika orodha ya kila mmoja wetu na kazi anayoweza kuifanya bila kusimamiwa, na orodha hiyo ataipeleka kwa wakandarasi watano.

Mkaguzi wa Nyaya

Kanga ni wazo zuri, ila kabla hamjapeleka mchoro kwa mchapaji tafadhali hakikisheni kwamba plagi imechorwa ikiwa imefunguliwa kifuniko, pini zikielekea upande wa pili na ethi ikiwa juu. Ukiitazama hivyo, waya wa moto, yaani wa kahawia, unakwenda kulia kwenye fyuzi, wa buluu unakwenda kushoto, na wa kijani na njano unakwenda juu. Mchoraji akiichora kutoka upande wa pini, kulia na kushoto vitabadilishana, na mama atakayefuata kanga yenu kwa uaminifu atafunga waya wa moto mahali pa nyutro. Kanga nayo hupenyeza rangi upande wa nyuma, kwa hiyo atakayeivaa kinyume atakuwa ameubeba mchoro uliogeuka. Andikeni neno "KULIA" kwa herufi kubwa kando ya waya wa kahawia, ili likisomeka kinyumenyume ajue kwamba kanga imegeuzwa.